Ujumbe wa Mongolia kwenye mji mdogo wa Vermont: namna ya kuwaonyesha serikali ya mitaa inavyofanya kazi

Miji midogo ya Marekani imekuwa ikipokea viongozi wa serikali za mitaa kutoka nchi nyingine kwa miaka mingi. Programu ya wageni viongozi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilianza 1940. Open World, iliyo chini ya Bunge la nchi hiyo, ilianza 1999 kwa ajili ya Warusi, kisha ikafungua mlango kwa nchi nyingine, Mongolia ikiwemo. Kwa kawaida ujumbe wa Open World huwa na watu watano au sita pamoja na mwezeshaji anayejua lugha zote mbili. Wanakaa kama siku kumi: mbili au tatu Washington, zilizobaki kwenye mji mmoja, wakilala majumbani mwa wenyeji.

Wenyeji hujitolea sana, na ratiba hujaa: meya, polisi, gazeti la mji, maktaba, chakula cha jioni cha klabu ya Rotary. Tatizo ni kwamba ratiba ya namna hiyo huwaonyesha wageni watu wakarimu bila kuwaonyesha serikali. Gavana wa wilaya ya nyika anayesafiri nusu ya dunia ana maswali matatu kichwani: nani anaamua, pesa inatoka wapi, na mambo yakiharibika nani anaulizwa. Kila saa ya ugeni ipimwe kwa maswali hayo. Makala hii inachukua Vermont kuwa mfano, kwa sababu ni jimbo ambalo wananchi wa mji mdogo bado wanakutana ukumbini mara moja kwa mwaka kupitisha bajeti kwa midomo yao wenyewe, na kwa sababu Mongolia nayo ina kikao kinachofanana na hicho.

Wageni wanatoka kwenye mfumo gani

Mongolia ina mikoa 21, inayoitwa aimag. Aimag hugawanywa katika sum, yaani wilaya, ambazo ni 330 hivi nchi nzima, na sum hugawanywa katika bag, ngazi ya chini kabisa. Mji mkuu, Ulaanbaatar, una mgawanyo wake: wilaya tisa, kila moja na khoroo zake, yaani mitaa. Karibu nusu ya Wamongolia wote wanaishi kwenye mji huo mmoja. Waliobaki wametawanyika kwenye nchi yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 1,564,000.

Kila ngazi ina khural, yaani baraza la wawakilishi waliochaguliwa, isipokuwa bag na khoroo. Huko chini khural ni mkutano wa wananchi wote. Kando ya khural yupo gavana, zasag darga, na hapa ndipo Mmarekani hupotea. Gavana wa sum hupendekezwa na khural ya sum, lakini anayemteua ni gavana wa aimag. Gavana wa aimag huteuliwa na Waziri Mkuu, na wa bag huteuliwa na gavana wa sum. Muhula ni miaka minne. Katiba ya 1992 inamtaka mtu huyu mmoja atekeleze maamuzi ya khural yake na wakati huohuo awajibike kwa serikali kuu juu ya utekelezaji wa sheria na maagizo yake kwenye eneo lake. Msomaji wa Tanzania atakuwa karibu kuelewa akimfikiria Mkuu wa Wilaya, ila jina lake liwe limeanzia kwa madiwani kabla ya kupelekwa juu kuthibitishwa.

Pesa nayo hutelemka zaidi kuliko inavyokusanywa hapo hapo. Mishahara ya walimu na huduma za afya za sum hulipwa kwa fedha za serikali kuu zinazokuja zikiwa tayari na kazi yake. Sheria ya Bajeti ya 2011 ilianzisha Mfuko wa Maendeleo ya Mitaa, ulioanza kutumika 2013, ambapo wananchi huulizwa wanataka nini, bag hupanga vipaumbele, na khural ya sum hupitisha. Tangu 2021 kuna pia kodi ya mifugo, na khural ya sum ndiyo hupanga kiwango kwa kila kichwa cha mnyama ndani ya mipaka ya sheria. Hizo mbili ndizo sehemu ambazo kiongozi wa sum ana uamuzi wa kweli juu ya pesa, kwa hiyo ndizo atakazozilinganisha na atakayoyaona ugenini. Mwenyeji asiyezijua atajibu maswali yasiyoulizwa.

Wanakuja kuona mfumo gani

Mji wa Vermont mara nyingi ni kipande cha ardhi cha maili sita kwa sita, yaani kama kilomita za mraba 93, chenye watu elfu moja au mbili. Idadi hiyo haiko mbali na ya sum nyingi. Ukubwa ndio tofauti: sum ya wastani ina kilomita za mraba karibu 4,700, kwa hiyo miji hamsini ya Vermont ingeingia ndani yake. Mjumbe wa bodi ya mji huko Vermont anaweza kwenda kukagua daraja lililobomoka na kurudi kabla chai haijapoa. Gavana wa sum anaweza kutumia siku nzima kuifikia familia moja ya wafugaji. Jambo hili lisemwe siku ya kwanza kabisa, ama sivyo wageni watakaa wakijiuliza kimoyomoyo kama kuna lolote hapo linaloweza kuhamishwa.

Mji wa kawaida hauna meya. Una bodi ya watu watatu au watano waliochaguliwa, ambao wengi wana kazi zao nyingine na hulipwa posho ndogo. Kuna karani wa mji, mweka hazina, na wathamini wa mali. Kaunti zipo 14, lakini kazi yake kubwa ni mahakama na sherifu. Usimwache mkalimani atafsiri kaunti kuwa aimag. Wageni watasubiri wiki nzima kukutana na gavana wa kaunti ambaye hayupo.

Shule ni serikali nyingine kabisa. Wilaya ya shule ina bodi yake, bajeti yake na kura yake, na baada ya sheria ya 2015 iliyohimiza wilaya ndogo ziungane, wilaya moja inaweza kuhudumia miji kadhaa. Hesabu ya serikali za mitaa ya 2017 ilionyesha kuwa Marekani ina zaidi ya 90,000, na zaidi ya nusu ni za kazi maalumu kama shule, maji na zimamoto. Kwa mtu aliyezoea kwamba gavana wa sum anaulizwa juu ya shule, zahanati, malisho na barabara, utaratibu huu huonekana kama vurugu. Chukueni ramani ya mji, chora juu yake mipaka ya kila mamlaka inayotoza kodi hapo, rangi tofauti kwa kila moja. Karatasi hiyo moja hufanya kazi kuliko hotuba ya saa nzima.

Kitu cha pili cha kufafanua ni kwamba mji wa Vermont hauna mamlaka yake wenyewe. Una yale tu ambayo jimbo limeupa. Wageni wengi hufika wakiamini kwamba kila mji wa Marekani unajiamulia mambo yake. Mfano mzuri ni Montpelier, mji mkuu wa jimbo wenye watu kama 8,000, pamoja na Winooski. Wapiga kura wa miji hiyo miwili walikubali kwamba wakazi halali wasio raia wapige kura kwenye uchaguzi wa mji. Uamuzi wa wapiga kura haukutosha. Mabadiliko ya mkataba wa mji, yaani hati ya jimbo inayoupa mji mamlaka yake, yalilazimika kupitishwa na bunge la jimbo, gavana wa jimbo akayakataa, na Juni 2021 bunge likalipindua katazo lake. Baadhi ya wanaonufaika ni Wakongo na Warundi walioletwa Winooski kama wakimbizi, na baadhi yao huzungumza Kiswahili nyumbani. Kisa hicho huwaeleza Wamongolia mambo mawili kwa mkupuo: mji unaweza kuanzisha jambo, na ngazi ya juu ina neno la mwisho. Hilo la pili wanalijua vizuri kutoka kwao.

Lini waje

Mkutano mkuu wa mji hufanyika Jumanne ya kwanza ya Machi. Ndio siku ya kuiona Vermont, lakini ina mtego. Tsagaan Sar, mwaka mpya wa Mongolia, hufuata mwezi na huangukia kati ya mwishoni mwa Januari na mwanzoni mwa Machi. Mwaka 2025 ulianza 1 Machi, na mkutano wa miji ya Vermont ulikuwa 4 Machi. Kumwita kiongozi wa sum aondoke kwake siku za Tsagaan Sar ni kumwondoa kwa wazazi na wazee wakati anaotakiwa kwenda kuwaamkia, na akikubali atakuwa amekubali kwa heshima tu. Angalieni kalenda ya Mongolia kabla ya kupendekeza tarehe. Machi pia ni mwanzo wa msimu wa wanyama kuzaa, na mwaka wenye dzud, ile baridi kali inayoua mifugo kwa mamilioni, gavana wa sum hawezi kuondoka. Julai 11 hadi 13 ni Naadam, sikukuu kubwa ya taifa, basi usijaribu kabisa.

Kama wageni ni wahasibu na wapangaji wa bajeti kuliko wanasiasa, Novemba na Desemba ni bora kuliko Machi. Wakati huo bodi za miji zinakaa jioni baada ya jioni kuandaa bajeti, na mgeni ataona makato, mabishano na hesabu zinazofutwa, mambo ambayo mpaka Machi yamekwisha kusafishwa.

Jambo la kuhakikisha kabla ya lolote: je, mji wenu bado unakutana ukumbini? Miji mingi imehamia kura ya karatasi inayopigwa kutwa nzima, bila mjadala. Ujumbe ukifika siku hiyo utaona foleni na sanduku. Kama mji wenu uko hivyo, ombeni mji jirani unaokutana uwapokee kwa siku moja.

Karatasi, majina, wakalimani

Anzeni miezi minne au mitano kabla. Mmongolia anahitaji viza, na mahojiano hufanyika ubalozi wa Marekani Ulaanbaatar. Anayekuja kwa programu ya kubadilishana wageni huja kwa viza ya J-1, na mdhamini wake humtolea fomu ya DS-2019. Bima ya afya ni sharti: angalau dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, 50,000 za kumsafirisha mgonjwa kurudi kwao, 25,000 za kusafirisha mwili, na kiasi anacholipa mwenyewe kwanza kisizidi 500. Mwenyeji ashike nakala ya kadi ya bima ya kila mgeni. Ikiachwa kwa mwezeshaji peke yake, siku atakapokuwa mji mwingine ndiyo siku mtu atakapoumwa jino.

Majina yanaharibika mapema. Mmongolia hutaja kwanza jina la baba kisha lake mwenyewe. Rais Ukhnaagiin Khürelsükh ni Khürelsükh, mwana wa Ukhnaa. Pasipoti huweka jina la baba mahali pa ukoo, kwa hiyo tiketi itafuata hivyo, na ni lazima ifuate herufi kwa herufi. Lakini kibao cha mezani na kadi ya kifuani viandikwe jina lake mwenyewe. Ukimwita mtu kwa jina la ukoo lililo kwenye orodha, unamwita baba yake. Mume na mke hawashiriki jina, hivyo msijaribu kutafuta nani ni mke wa nani kwa kusoma orodha.

Ukalimani ndiko ugeni mwingi huvunjikia. Mkalimani anayesubiri msemaji amalize sentensi kisha aitafsiri hula nusu ya muda wote. Kikao cha dakika 90 kina dakika 45 za maneno. Mwenyeji anayekuja na maelezo ya dakika 60 atawamalizia wageni muda wa kuuliza, na maswali yao ndiyo yaliyowaleta. Kanuni nzuri: msemaji apewe dakika 15, bila picha za kuonyesha ukutani, na muda uliobaki uwe wa maswali.

Mkutano wa mji ni habari nyingine. Huenda saa tatu au nne bila kusimama, watu wakikatizana kwa hoja na marekebisho. Hapo kunahitajika wakalimani wawili wanaopokezana kila dakika 20 hadi 30, wakinong'ona kwenye kipaza sauti kidogo kinachofika kwenye vipokea sauti vya wageni. Mmoja akiachiwa kazi yote, saa ya pili ataanza kufupisha, na atakachoacha ni utaratibu wa hoja, yaani jambo lenyewe. Kama hakuna mkalimani wa karibu, jumuiya kubwa za Wamongolia zipo Denver, ambayo ni mji dada wa Ulaanbaatar, na Arlington, Virginia.

Sheria ya Vermont inawasaidia hapa bila kujua. Tangazo la mkutano lenye ajenda zote lazima libandikwe si chini ya siku 30 wala zaidi ya siku 40 kabla. Maana yake ni kwamba mwishoni mwa Januari au siku za mwanzo za Februari mnajua kila kitu kitakachojadiliwa. Litafsirini lote. Wiki mbili kabla ya safari wapelekeeni wakalimani orodha ya maneno kama arobaini: hoja, marekebisho, rejesta ya mali, kiwango cha kodi, deni la mji, mwendesha mkutano, na maana ya kila moja kwa sentensi moja.

Wiki yenyewe

Siku ya kwanza wapumzike. Saa za Ulaanbaatar zimetangulia za Vermont kwa saa 13 wakati wa baridi na 12 wakati wa kiangazi, kwa hiyo usiku wao ni mchana wenu. Kikao cha saa nane mchana siku hiyo ya kwanza ni cha kuangalia watu wakisinzia.

Anzeni na ofisi ya karani, kabla ya bodi. Karani wa mji ndiye anayetunza hati za ardhi, kwenye chumba cha zege chenye mlango usioshika moto, na yeyote anaweza kuingia kuzisoma. Anasajili wapiga kura, anatoa vyeti vya ndoa, anaandika leseni za mbwa zinazotakiwa kulipiwa kufikia 1 Aprili kila mwaka. Kwa Wamongolia, hati za ardhi ziko kwenye mamlaka ya taifa, na malisho hayawezi kumilikiwa na mtu binafsi kwa mujibu wa Katiba. Kumwona mwanamke mmoja kwenye chumba kimoja akitunza umiliki wa mji mzima, na kura zao pia, huzua maswali ya saa mbili. Waacheni waulize. Karani atawauliza nao jinsi ng'ombe na kondoo wanavyohesabiwa kila Desemba, na hapo mazungumzo yanakuwa ya watu wa kazi moja.

Siku inayofuata fanyeni zoezi la bili. Chukueni bili moja ya kodi ya mali, jina la mwenye nyumba likiwa limefutwa, na mfuate kila senti. Tuseme nyumba imethaminiwa dola 300,000, kiwango cha mji ni senti 60 kwa kila dola 100, na cha shule ni dola 1.50. Mji unapata dola 1,800, shule dola 4,500. Mpeni kila mgeni kikokotoo. Kisha ulizeni: nani alipanga thamani ya 300,000? Wathamini. Nani alipanga senti 60? Hakuna aliyezipanga peke yake: mkutano ulipitisha matumizi, jumla ikagawanywa kwa thamani ya mali zote za mji, na kiwango kikatokea. Na ile 1.50? Hapo jimbo linaingia, kwa sababu tangu 1997, baada ya mahakama kuu ya jimbo kusema kwamba mtoto wa mji maskini ana haki sawa, kodi ya shule hukusanywa kwa hesabu ya jimbo zima. Bodi ya mji haina mkono ndani yake, ingawa malalamiko yote huishia kwake. Wageni hucheka wakifika hapo, kwa kuwa jambo hilo wanalijua kwao.

Karakana ya barabara ipewe nusu siku nzima. Katika miji midogo ya Vermont barabara ndizo hula sehemu kubwa ya bajeti ya mji, na zaidi ya nusu ya barabara za jimbo hazina lami. Msimamizi wa barabara awaonyeshe lori la kuondoa theluji, lundo la mchanga na chumvi, greda, na daftari la mafuta. Aeleze daraja la kila barabara: ya daraja la nne mji hauwajibiki kuitunza, na ruzuku ya jimbo hugawanywa kwa kufuata urefu na daraja. Hili linawahusu Wamongolia moja kwa moja, maana wanatoka kwenye nchi ya njia za magurudumu zinazopitana kwenye nyika bila mtu wa kuziwajibikia. Wanataka kujua nani aliandika daraja hizo, na je, mwananchi anaweza kupinga. Machi ni mwanzo wa msimu wa matope, kwa hiyo wapelekeni kwenye barabara iliyoharibika, msiwatafutie nzuri.

Msiyaache maafa. Mafuriko ya Julai 2023 yalizamisha katikati ya Montpelier na kubomoa barabara kwenye miji mingi midogo. Serikali ya shirikisho hulipa angalau asilimia 75 ya gharama zinazokubalika za kurudisha miundombinu ya umma, lakini hulipa baada ya kazi kufanyika na nyaraka kukamilika. Mji wenye bajeti ya dola milioni mbili unaweza kujikuta umelipa makandarasi milioni tatu na kusubiri kurudishiwa, kwa hiyo unakopa benki. Kiongozi aliyepitia dzud ataelewa bila kufafanuliwa, na atataka kuona mkataba wa mkopo na jinsi bodi ilivyoruhusiwa kukopa. Andaeni nakala.

Siku ya mkutano wageni wakae pembeni, mahali palipotengwa kwa wasio wapiga kura. Mwendesha mkutano aambiwe mapema, awatambulishe, na mkutano utoe ridhaa kama mmoja wao ataombwa kusalimia kwa maneno mawili. Wasiinue mkono hata kwa utani wakati wa kura ya mikono. Wawe na tangazo lililotafsiriwa mezani, na mkalimani ataje namba ya kila ajenda. Wakati wa bajeti waelezwe kwamba mwananchi yeyote anaweza kusimama na kupendekeza jumla ipunguzwe au iongezwe, na mkutano ukakubali. Wapiga kura saba wakitaka, kura inakuwa ya karatasi. Sahihi za asilimia 5 ya wapiga kura waliosajiliwa zinatosha kuweka jambo kwenye ajenda ya mkutano ujao. Kisha kitakuja kipengele cha mwisho cha mengineyo, ambapo lolote linasemwa lakini hakuna linaloamuliwa kisheria.

Hapo ndipo mkutano wa bag unapolinganishwa vizuri. Wote wawili ni mikutano ya watu wote, kama mkutano mkuu wa kijiji Tanzania. Lakini mkutano wa Vermont unajitoza kodi wenyewe na kuishi na matokeo yake, wakati mkutano wa bag unapendekeza na kupanga vipaumbele vinavyopelekwa juu. Maoni yetu ni kwamba mazungumzo haya yafanyike usiku uleule, jikoni kwa mwenyeji, wakati wote bado wanakumbuka nani alisema nini, na wageni waulizwe wangebadili nini kwenye mkutano walioona. Majibu yao huwa makali na yenye faida. Watauliza kwa nini wazee ndio waliojaza ukumbi, na kwa nini mkutano unafanyika Jumanne mchana wakati vijana wako kazini.

Chakula na zawadi

Waulizeni mapema wanakula nini. Wengi wanataka nyama, supu, unga na chai ya maziwa, na samaki wa baharini huwashinda. Mgeni kutoka Bayan-Ölgii, aimag ya magharibi kabisa, huenda ni Mkazakh Mwislamu, asile nguruwe. Sandwichi baridi za mchana siku nne mfululizo huwachosha kuliko ratiba. Supu moto na maji ya moto ya kunywa vinatosha kurekebisha. Chaja za simu zitafanya kazi kwenye umeme wa volti 120, mashine za kukausha nywele za volti 220 hazitafanya.

Zawadi hupokelewa kwa mikono miwili au kwa mkono wa kulia, hasa ikiwa ni khadag, kitambaa cha hariri cha buluu. Wajumbe wa bodi wasome kwanza kanuni za mji juu ya zawadi. Njia rahisi ni kuipokea kwa niaba ya mji na kuiweka ofisini kwa karani. Nanyi mkiwapa sharubati ya mti wa mepo, ambayo Vermont huizalisha kuliko jimbo lolote, waambieni waiweke kwenye mzigo unaokwenda chini ya ndege. Chupa ya zaidi ya mililita 100 itachukuliwa uwanjani.

Baada ya kuondoka

Kila mgeni aondoke na bahasha: tangazo la mkutano, ripoti ya mwaka ya mji, ile bili, ramani ya mipaka ya rangi, na orodha ya daraja za barabara. Hivyo atavitumia. Picha atakuwa nazo kwenye simu.

Wiki sita baadaye pigeni simu ya video. Saa mbili usiku Vermont ni saa mbili au saa tatu asubuhi ya siku inayofuata Ulaanbaatar, kutegemea msimu, na kwa walio aimag za magharibi za Khovd, Uvs na Bayan-Ölgii saa huwa nyuma ya Ulaanbaatar kwa saa moja. Zamu hii wageni walete bajeti ya sum yao, na msimamizi wa barabara, karani na mjumbe mmoja wa bodi waisome pamoja nao mstari kwa mstari, wakiuliza maswali yaleyale matatu. Mkutano wa mwaka ujao ukitangazwa, karani awatumie nakala siku anayoibandika.